Nani Alizipenda Zilipendwa?

Mgeni akiingia sebuleni kwangu hapa Mtumba, wa kwanza kumpokea ni Mbaraka Mwinshehe. Ni santuri moja ya ule mfululizo wa Ukumbusho uliokusanya kazi zake, nimeisimamisha juu ya kabati kama picha ya babu. Kusema kweli siichezi mara nyingi. Gramafoni yangu ina mkanda uliolegea, inamvuta Mbaraka mpaka anasikika kama mtu anayeimba huku anasinzia. Lakini hilo halinisumbui sana, kwa sababu sikuiweka pale iimbe. Niliiweka pale imwambie mgeni kwamba mwenye nyumba anajua muziki.

Chini ya kabati hilo hilo, nyuma ya dumu la maji, kuna boksi la viatu. Ndani yake mna kaseti thelathini na kitu. Mr Nice yumo. Saida Karoli yumo. Dully Sykes yumo, na taarabu za mipasho zenye picha za akina mama waliovaa dhahabu mpaka kwenye vifundo vya miguu, karatasi zimepauka kwa jua. Mwezi uliopita mwenzangu wa kazini aliinama kuchomeka chaja, akaliona boksi, akalivuta. "Hizi za nani tena?"

"Za dada," nikajibu, na nilijibu haraka kuliko ninavyojibu maswali ya mhariri.

Yaani mtu mzima, mwandishi wa habari, nina shahada yangu ya chuo, namsingizia dada yangu kaseti ya Mr Nice. Mgeni alicheka, akalirudisha boksi, tukahamia kwenye habari za bajeti. Mimi lakini nilibaki na swali tangu siku ile. Nilikuwa naona aibu ya nini hasa? Wimbo? Mwimbaji? Au naona aibu ya watu ambao mgeni angedhani nilikuwa nacheza nao?

Jina la mahali ninapoishi linanisaidia kidogo kulifikiria. Leo ukisema Mtumba, mtu anafikiria Mji wa Serikali, majengo ya wizara na magari yenye namba za STK. Lakini kwenye Kiswahili cha sokoni mtumba ni mzigo uliofungwa, robota la nguo zilizovaliwa na wengine, ambalo hujui mna nini mpaka ukate kamba. Na wauza mitumba wote wanajua kwamba kazi iko kwenye kuchambua. Robota likifunguliwa, wenye macho wanawahi nguo za daraja la kwanza. Zinazobaki zinatupwa chini kwenye turubai, zinapigiwa kelele kwa bei ya kumaliza mzigo. Kuna wakati shati bora liko pale chini, ila mchambuaji wa kwanza alikuwa na haraka.

Kaseti zangu nyingi nilizipata chini ya turubai, tuseme. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, baada ya uamuzi uliokuwa umekaa tangu mwaka 1973, familia nyingi zilifungasha na kuja. Anayehama hupunguza mzigo, na wa kwanza kupunguzwa ni redio kaseti kubwa la zamani. Wengine walikuja nalo, likafia njiani kwa vumbi na mitikisiko, wakalipeleka kwa fundi, wakasikia bei ya matengenezo, hawakurudi tena. Kuna fundi mmoja upande wa Majengo ambaye nyuma ya kibanda chake kuna ukuta wa maredio yaliyosahauliwa. Ukifungua vifuniko, ndani ya mengi bado kuna kaseti. Ndiyo iliyokuwa inapigwa siku redio ilipokufa. Ananiuzia buku moja moja, ananishangaa.

Nilichogundua kwenye ule ukuta ni hiki. Kaseti zilizokwama ndani ya maredio si zile ambazo watu huzitaja wakiulizwa wanapenda muziki gani. Sijakuta hata moja ya Mlimani Park. Nimekuta kwaya, nimekuta mipasho, nimekuta bongo fleva nyepesi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Mr Nice nimemkuta mara nne. Mtu akiwa peke yake na redio yake, ndicho alichokuwa anasikiliza.

*

Tuna neno moja zuri sana kwa muziki wa zamani: zilipendwa. Nalipenda, ila nataka tuliangalie kisarufi kidogo, kama mwalimu wa Kiswahili angetutaka tufanye ubaoni. Wakati uliopita. Hali ya kutendwa. Mtenda hayupo. Zilipendwa, sawa, lakini zilipendwa na nani? Neno halisemi. Na kwa sababu halisemi, kila anayelitumia anajiweka mwenyewe kwenye nafasi ya mtenda: zilipendwa na watu kama sisi, wenye masikio.

Ndivyo orodha ilivyotengenezwa. Mbaraka yumo, Marijani Rajab yumo, NUTA Jazz imo, Western Jazz imo, Sikinde na Msondo wanagombania nafasi ya mbele. Orodha hiyo imesaidiwa pia na wageni. Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, kwenye mfululizo wake wa Zanzibara, ilitoa toleo zima la muziki wa Tanzania wa miaka ya 1960 na jingine la Dar es Salaam ya kati ya 1978 na 1983. Ni kazi nzuri, ina maelezo yaliyoandikwa kwa uangalifu, nami ninazo zote mbili na sizifichi. Nilipokuwa chuoni tulikuwa na kikundi cha vijana wa zilipendwa, tukikaa jioni na spika ndogo, tukishindana nani anajua mwaka ambao Morogoro Jazz walikwenda Osaka (ni 1970, kwenye maonesho ya kimataifa). Hakuna kati yetu aliyekuwa amezaliwa nyimbo zile zikitoka. Tulikuwa na hamu ya nyumbani kwa nyumba ambayo hatukuwahi kuishi.

Wakati huo huo nyumba tuliyoishi kweli, ile ya Mr Nice kwenye redio ya dukani, ya Saida Karoli kwenye harusi ya shangazi, tulikuwa tunaikana. Mtu akiimba kiitikio kimoja kwa bahati mbaya tulimzomea. Tulikuwa na miaka ishirini na kitu, tunatoka Singida, Manyoni, Kondoa, Mpwapwa. Nadhani tulikuwa tunaogopa tusionekane tumetoka huko.

*

Sasa nimsikilize Mr Nice kama mhakiki, si kama mshitakiwa.

Lucas Mkenda, ndilo jina lake, alijitokeza na kitu alichokiita Takeu. Ni Tanzania, Kenya na Uganda zilizounganishwa kwenye neno moja. Tulikuwa tunalicheka lile neno, tukiona ni ujanja wa kitoto. Leo nalisikia tofauti. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Kwa muziki lile lilikuwa pigo, kwa maana mitambo ya kuchapa santuri ilikuwa Nairobi, huku kwetu hatukuwa nayo. Mkataba wa jumuiya mpya ulisainiwa Novemba 1999. Viongozi walikuwa bado wanajadili ushuru wa forodha, na huyu kijana akaja na mtindo wenye jina la nchi zote tatu, na nchi zote tatu zikaucheza. Sisemi alikuwa mwanasiasa. Nasema alisikia kitu hewani mapema, na kusikia mapema ni nusu ya kazi ya mwanamuziki.

Halafu malighafi yake. Tazama majina tu. Kikulacho kinatoka kwenye methali ambayo kila mtoto ameikariri. Kidali Po kinatoka kwenye mchezo wa watoto. Fagilia ni neno la mtaani la wakati ule, la kumsifia mtu. Methali, mchezo, msimu wa mtaani. Hivi si ndivyo wataalamu wa fasihi simulizi walivyotufundisha kwamba sanaa ya watu huzaliwa? Tukiyakuta kwenye ngano za bibi tunaandika tasnifu. Tukiyakuta kwenye kaseti ya Mr Nice tunasema ni muziki wa chekechea.

Na ni kweli kwamba unachezeka na watoto. Kiitikio kinakuja mapema, kinarudi kabla hujakisahau, sauti haipandi mahali ambapo mtu wa kawaida anayefua nguo hawezi kuifikia. Hapo ndipo tulipomhukumu. Lakini mtunzi anayetunga wimbo ambao mtoto wa miaka mitano na bibi wa miaka sabini wanaushika siku moja, katika nchi tatu, bila intaneti kwenye simu, ameshinda mtihani mgumu. Ugumu wake hauonekani kwa sababu ameuficha vizuri.

Jamaa yangu mmoja wa kile kikundi cha chuo, ambaye mpaka leo hasikilizi kitu kilichotoka baada ya 1985, ananijibu hivi: "Wewe unalinganisha watu kumi na mbili, magita matatu, tarumbeta, na kijana mmoja na kinanda cha umeme?" Ni hoja ya haki. Sikio linatambua tofauti. Magita matatu yanapoingiliana kwenye wimbo wa Mlimani Park, kila moja likisema lake na yote yakielewana, kinanda cha Mr Nice hakina jibu.

Ila tuulize yale magita yalikuwa ya nani. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, mashirika ya umma yalikuwa na bendi. Ile ya Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kujulikana kwa herufi za DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilinunuliwa na taasisi, wanamuziki wengi walikuwa na ajira, na studio ya Radio Tanzania iliwarekodi. Uchumi ulipogeuka, mashirika yakabinafsishwa au yakafa, vyombo vikachakaa, na kijana aliyetaka kuimba mwaka 2000 hakukuta gita la umma likimsubiri. Alikuta kompyuta kwenye chumba cha mtu binafsi: Bongo Records ya P-Funk, MJ Records ya Master J, na nyingine ndogo zaidi. Alilipia masaa. Kile kinanda kimoja ambacho jamaa yangu anakidharau kinatupa habari sahihi kabisa za hali ya uchumi kuliko taarifa nyingi nilizowahi kuziandika. Kumlaumu Mr Nice kwa kukosa tarumbeta ni kama kumlaumu mtoto wa shule ya kata kwa kukosa maabara.

*

Aibu yenyewe ina historia, na ukiifuata unakuta inabadilisha nguo tu.

Mwaka 1969 ulianza na Operesheni Vijana, vijana wa TANU wakisaka sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huo huo, uongozi wa mkoa ukapiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam. Ulionekana unawaharibu vijana, unawafanya wasiwe Watanzania sawasawa. Waliokuwa wakiucheza wakati ule ndio wazee wetu wa leo, wale wanaotuambia kwamba muziki wa kweli ulikuwa wa kwao.

Miaka ya 1990 ikaja zamu ya rapu. Saleh Jabir alichukua midundo ya Marekani, ya Vanilla Ice ikiwemo, akaiwekea Kiswahili. Vanilla Ice mwenyewe huko kwao aligeuka kichekesho baada ya muda mfupi, lakini kwetu mbegu ilikuwa imeshaanguka. Waliofuata waliitwa wahuni. Muziki wa kihuni, hilo ndilo lilikuwa jina lake majumbani. Basi angalia walipofika. Joseph Mbilinyi, tuliyemjua kama Mr II na Sugu, aliingia bungeni mwaka 2010. Joseph Haule, Profesa Jay, akaingia mwaka 2015. Hamis Mwinjuma, MwanaFA, akawa mbunge wa Muheza mwaka 2020, na mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Mimi naishi Mtumba. Nikipanda daladala kwenda mjini napita kwenye barabara za wizara nikifikiria kwamba kaseti ambazo shuleni zilikuwa zinataifishwa na mwalimu wa nidhamu, leo mmoja wa waimbaji wake anaandikiwa barua zinazoanza na "Mheshimiwa".

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Saida Karoli. Mwaka 2001 alitoka na albamu ya Maria Salome, anaimba Kihaya, na nchi nzima ikaimba naye bila kuelewa. Huku kwetu kanda ya kati, kwenye sherehe za Wagogo, Wanyaturu na Warangi, Kihaya kilipigwa mpaka alfajiri. Lakini kwa watu wa mjini alikuwa na mahali pake: muziki wa harusi za kijijini, muziki wa ngoma, mzuri kwa mama zetu. Ukiwa kijana unaucheza ukiwa umezungukwa na ndugu, huuchezi mbele ya wenzio wa shule. Ikapita miaka kumi na tano. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautengeneza upya, wakauita Salome, video ikatazamwa kila kona. Wimbo ambao tuliuona wa kishamba ukawa wa kisasa kwa usiku mmoja. Marafiki zangu walewale wakaucheza kwenye kumbi wakiwa na suti.

Nini kilikuwa kimebadilika? Kiini cha wimbo kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni nani anaonekana akiucheza. Hapo ndipo nilipolipata jibu la swali langu la chini ya kabati. Raha ya kujificha haitokani na wimbo. Inatokana na kuogopa kuhesabiwa pamoja na wale wanaousikiliza bila kujificha: mpishi wa mgahawani, dereva wa bodaboda, shangazi wa Kondoa, dada.

Msomaji atasema basi kila wimbo ni mzuri, tufunge ukurasa wa uhakiki twende nyumbani. Hapana. Kwenye boksi langu mna takataka za kutosha. Kuna kaseti moja ya mipasho ambayo upande mzima ni matusi yaliyovalishwa kanga, na nikiisikiliza nachoka. Kuna bongo fleva za mapenzi ambazo mashairi yake yalitungwa, nadhani, ndani ya daladala kati ya kituo na kituo. Na kumbukumbu ni wakili mwongo. Nikisikia Julieta ya Dully Sykes nasikia pia harufu ya mafuta ya taa na sauti ya mvua kwenye bati, na siwezi tena kujua kipi ni wimbo na kipi ni mvua. Ndiyo maana mhakiki hana budi kuurudia wimbo mara ya tatu, ya nne, mpaka mvua ikatike. Baadhi ya nyimbo zinabaki zimesimama. Nyingine zinaondoka na mvua. Ninachokataa ni kuzihukumu kabla ya kuzisikia, kwa kuangalia tu nani alizinunua.

*

Kuna jambo zito kuliko aibu yangu ya sebuleni.

Nyimbo za dansi tunazozisifia zipo leo kwa sababu kuna aliyeona zinafaa kutunzwa. Radio Tanzania ilirekodi, kanda zikawekwa kwenye rafu, na zilipoanza kuzeeka wakatokea watu wa kuzihangaikia. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kulikuwa na Tanzania Heritage Project, iliyolenga kuzihamishia kwenye mfumo wa kidijitali. Wanamuziki wenyewe, kama John Kitime, wameandika mengi kwenye blogu kuhusu bendi na watu wake. Upande wa muziki wa asili, Mgogo mwenzetu hayati Hukwe Zawose alipata kurekodiwa na Real World ya Peter Gabriel, kwa hiyo ilimba yake iko salama mahali.

Nani anatunza rafu ya Mr Nice? Muziki ule haukupita kwenye studio ya taifa. Ulirekodiwa kwenye kompyuta za watu binafsi ambazo zimeshakufa au zimefutwa ili kupisha kazi nyingine. Ulichapwa na wasambazaji wa Kariakoo kwenye kaseti za bei nafuu ambazo hazikutegemewa kudumu. Ukaja wakati wa CD za kuchoma, ukaja wa memori kadi, kila hatua ikaacha nyimbo kadhaa nyuma. Mkusanya santuri anayetoka Ulaya anatafuta sahani za miaka ya 1970. Hata waliotuletea bongo fleva kwenye CD huko nje mwaka 2004, Out Here Records ya Ujerumani, kwenye kichwa cha mkusanyiko wao walisema wazi kwamba ni rapu ya Kiswahili. Rapu ina heshima, ina ujumbe. Nyimbo nyepesi hazina wa kuzisemea. Kinachoitwa chepesi ndicho kinachopeperushwa kwanza, na sisi watu wa Dodoma tunajua upepo ni nini.

Kwa hiyo aibu si jambo la hisia tu. Aibu ni mtunza nyaraka. Anakaa mlangoni, anasema hiki kiingie, hiki kikae nje. Baada ya miaka hamsini mtafiti atakuja kutafuta watu wa Singida walisikiliza nini mwaka 2003, ataambiwa walisikiliza Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali Mombasa Januari 1979.

*

Nimemtaja dada mara nyingi, na sijasema ukweli wote.

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka kumi na minne. Dada alikuwa anauza vitumbua asubuhi kabla ya kwenda shule, na kwa hela ile akanunua kaseti ya Mr Nice, halisi, yenye karatasi ya rangi. Mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye dini ya hip hop. Siku moja redioni walikuwa wanapiga rapu mfululizo, na sikuwa na kaseti tupu. Wa rika langu wanajua kinachofuata. Kaseti ya dukani ina vitobo viwili juu ili isirekodiwe. Unakata selotepu, unaviziba, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Nikarekodi upande B wote.

Jioni dada aliigeuza kaseti yake, akakaa na jembe la kuparia miguuni, akasubiri. Ikatoka sauti ya mtangazaji. Hakunipiga. Aliisikiliza mpaka mwisho, labda akidhani Mr Nice angetokea baadaye. Nilimwambia nimemsaidia, nimemwekea muziki wa maana.

Kaseti ile ile, toleo lile lile, ndiyo niliyoikuta kwa fundi wa Majengo mwaka huu. Niliisafisha kichwani kwa pamba na spiriti, nikaukaza mkanda wake kwa peni ya Bic, nikaisikiliza pande zote mbili. Upande B una wimbo ambao sikuwa nimewahi kuusikia mpaka mwisho. Ni wimbo mzuri. Nikaifunga kwenye bahasha, nikaituma Singida kwa basi kutoka stendi ya Nanenane.

Siku mbili baadaye akanipigia. Nikadhani atafurahi, na kweli alikuwa anacheka.

"Sasa mdogo wangu, nitaichezea wapi? Redio ya kaseti nani anayo? Hizi nyimbo nazisikiliza kwenye simu kila siku, nikiwa napika."

"Basi nirudishie."

"Sikurudishii," akasema. "Ila usifikiri ndiyo ile. Ile niliinunua kwa hela ya vitumbua."

Sikuwa na jibu. Niliporudi nyumbani nililitoa boksi nyuma ya dumu nikaliweka juu ya kabati, pembeni ya Mbaraka. Mgeni aliyefuata aliuliza ni za nani, nikamwambia ni zangu, isipokuwa moja ambayo haipo.